Mama Mashuka na Mwanawe Kinyozi

Mama Mashuka alifariki akiwa na miaka themanini na minne, meno kumi na moja na wajukuu kumi na mmoja, na mwenyewe alikuwa akisema hesabu hiyo imekaa sawa, kila mjukuu na jino lake. Alijilaza mchana baada ya chakula, kama kawaida yake, viatu amevipanga chini ya kitanda, na hakuamka tena. Hakuugua, hakusumbua mtu. Watu walimlia, wakamzika, na baada ya wiki sita kanisa lake likapanga ibada ya shukrani, Jumapili, kuyakumbuka maisha yake.

Hapo ndipo mwanawe wa mwisho alipoangukiwa na kazi asiyoiomba.

Mwana huyo alikuwa kinyozi, na kila mtu alimwita hivyo hivyo, Kinyozi, hata ndugu zake wa tumbo moja. Alikuwa na miaka arobaini na minane na chumba kimoja cha kazi mkabala na kituo cha teksi: kioo kirefu, benchi la kusubiria, na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimegoma kuzunguka tangu mwaka juzi. Jumanne asubuhi Mchungaji aliingia, akakaa kwenye kile kinachozunguka, akafungwa kitambaa shingoni. Kinyozi alikuwa amefika kisogoni na mashine yake pale Mchungaji aliposema, bila kugeuka, "Mama yako aliniachia maagizo."

"Maagizo gani tena, Mchungaji?"

"Kwamba siku ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, asisimame mwingine kumwelezea ila wewe."

Mashine iliteleza. Juu ya sikio la kulia la mtumishi wa Mungu pakabaki upara mdogo, kama ukucha wa dole gumba.

"Mimi?" Kinyozi akasema. "Mimi, Mchungaji, ambaye kanisani kwenu naingia kwa arusi na kwa msiba?"

"Nami nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu, 'Kinyozi anajua kuongea na watu waliokaa.'" Mchungaji akajishika sikio. "Hapa vipi, pamekuwa na baridi?"

Habari ilimfikia Dada kabla ya adhuhuri. Dada alikuwa mzaliwa wa kwanza, mwalimu mkuu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na wote mtaani walimwita Mwalimu. Kati yake na Kinyozi walikuwapo wengine wawili waliokwenda kuishi mbali, wanaopiga simu kila wiki. Mwalimu ndiye aliyekaa na mama, akamwogesha, akamkata kucha, akamsomea Neno macho ya mama yalipochoka. Isitoshe, alikuwa ameshaandika kurasa nne za kusoma siku hiyo, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Alisimama mlangoni kwa Kinyozi, mkoba kwapani, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakakaa wima bila kuambiwa.

"Wewe mtoto," alisema. "Nimesikia."

"Dada, mimi sikuomba. Chukua wewe. Au nipe karatasi zako nizisome."

"Hapana. Kakuchagua wewe, utasimama wewe." Alikuwa ameumia, ilionekana, lakini mama akishasema alikuwa hapingwi, hata akiwa hayupo. "Sharti langu ni moja. Usimtie chumvi. Mama hakuwa malaika, alikuwa mtu. Na mambo ya zamani usiende kuyachokonoa."

"Mambo gani ya zamani?"

"Hakuna," akasema Mwalimu, akaondoka kwa hatua za haraka.

Kinyozi alibaki ameshika brashi. Ukweli ni kwamba alimjua mama yake vizuri kuliko mtu yeyote, lakini ukimwambia akueleze, maneno yalimkimbia. Alijua kwamba kwa miaka thelathini na minne mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, ndipo lilipotoka jina la Mama Mashuka. Alijua kwamba aliwalea wanne peke yake, kwa sababu baba alikufa Kinyozi akiwa na miaka miwili. Na alijua kwamba alimpenda Mungu kama wengine wanavyopenda chai, yaani siku haianzi bila yeye.

Alijua pia habari ya Ijumaa. Mama alipostaafu alijipangia kuja kwa mwanawe kila Ijumaa asubuhi. Alikaa kwenye benchi, akavaa miwani, akatoa kitabu chake cheusi, akasubiri. Mteja akiwa bado anapigwa mashine, mama kimya. Akishapakwa povu na wembe ukafika shingoni, mama alifungua na kuanza kusoma kwa sauti.

"Mama, utanifukuzia wateja," Kinyozi alimlalamikia siku moja.

"Mtu mwenye wembe shingoni anakwenda wapi?" alijibu.

Na kweli hawakukimbia. Dereva mmoja wa teksi, mtu wa matusi na bia, alisikiliza Ijumaa baada ya Ijumaa mpaka akaenda kubatizwa, akisema ni rahisi kuokoka kuliko kuhama kinyozi. Huyo sasa alikuwa mzee wa kanisa. Kinyozi mwenyewe alinyoa watu huku Neno likipita juu ya kichwa chake, na Jumapili akalala mpaka saa nne. Hakuwahi kugombana na Mungu. Walikuwa tu wameacha kutembeleana. Mama hakumgombeza. Alimuuliza kila Jumatatu, "Jana ulishinda vipi?" na jinsi alivyouliza kwa upole ilimuuma kuliko kugombezwa.

Basi Jumatano Kinyozi akapiga moyo konde, akaanza kuuliza. Kila aliyekaa kitini, swali lilikuwa lile lile: wewe unamkumbukaje mama yangu? Na watu wakikaa kwenye kiti cha kinyozi hufunguka. Mlinzi wa zamani wa hospitali alisimulia jinsi Mama Mashuka alivyomfuma akitoka na sabuni ya hospitali ndani ya koti. Hakumshtaki. Aliipokea sabuni, akampa kipande cha kwake kutoka mkobani, akamwambia, "Hiki ukiogee, ile ingekuwasha." Fundi uashi alisema mama ndiye aliyekaa na mkewe siku tatu alipojifungua mapacha, akiwafulia nepi huku akiwaimbia, na kwamba sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya sana.

"Mbaya kweli," Kinyozi akakubali.

"Lakini watoto walinyamaza," fundi akasema. "Nadhani waliogopa."

Jioni nyumbani akamuuliza na binti yake, msichana wa miaka kumi na minne ambaye ukoo mzima ulimwita Bibi Mdogo, kwa kuwa alifanana na marehemu mpaka kwenye kununa. Bibi Mdogo alikuwa akipiga pasi sare zake za shule, kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwisho, kama alivyofundishwa.

"Bibi alikuwa ametugawia siku za kutuombea," alisema. "Ila wiki ina siku saba na sisi tuko kumi na mmoja, kwa hiyo wengine tulichangia. Mimi na binamu tulichangia Alhamisi. Nilimwambia Bibi, huyu anasumbua sana, atamaliza Alhamisi yote peke yake, mimi nibaki na nini? Ndiyo akaniongezea nusu saa ya Jumamosi."

"Na mimi siku yangu ilikuwa ipi?" Kinyozi aliuliza, kama mzaha.

Msichana alimtazama kwa mshangao. "Baba, wewe ulikuwa kila siku. Ulikuwa unaombewa kabla yetu sote. Tulikuwa tunakuonea wivu."

Kinyozi akasema anakwenda kuangalia maji jikoni, akakaa huko muda kidogo.

Alhamisi alikuja Mzee Boila. Huyu alikuwa mwendeshaji wa boila la hospitali enzi hizo, mtambo mkubwa wa kuchemshia maji na kutoa mvuke wa chumba cha kufulia, na jina likamganda hata baada ya mtambo wenyewe kung'olewa. Alikuwa na nywele chache kiasi kwamba kumnyoa ilikuwa heshima zaidi kuliko kazi. Alisikia swali, akafumba macho mpaka Kinyozi akadhani amesinzia.

"Mama yako," alisema hatimaye, "alikuwa anaimba kazini kutwa nzima. Mashine zinanguruma, mvuke umejaa, humwoni, lakini unamsikia. Sasa baba yako alipokufa, akanyamaza. Kazi anafanya, mashuka anafua, anakunja, lakini kimya. Mwezi wa kwanza, wa pili. Tukasema ni msiba. Ikafika miezi minane."

"Minane?" Kinyozi aliondoa wembe. "Hilo sijawahi kulisikia."

"Ungesikia wapi, ulikuwa bado unabebwa. Na kanisani hakuwa akienda. Najua kwa sababu mke wangu alikuwa akikaa naye benchi moja."

"Mama yangu? Miezi minane bila kanisa?"

"Nisikilize basi. Siku moja akaja kijana mmoja mlangoni, ameshika shuka la hospitali. Mama yake alilazwa kwetu miezi mitatu, akafa, na wakati wa kumchukua walimfunika shuka hilo. Sasa amelifua kwao, analirudisha. Akasema, nataka kumwona anayefua. Tukamwonyesha mama yako. Yule kijana akamwambia, 'Mama yangu alikuwa anaoza mgongo. Kila siku nilipokuja nilimkuta kwenye shuka safi, limenyooshwa kama la bibi arusi. Alikufa mahali pasafi. Nimekuja kukushukuru.' Mama yako akalipokea shuka, akalikunjua, akalinusa. Unajua alisema nini?"

"Alisema nini?"

"'Sabuni haijatoka hii, hukulisuuza vizuri.' Akalitupia kwenye mashine." Mzee Boila alicheka mpaka kitambaa kikamtoka shingoni. "Yule kijana naye akacheka, akaenda zake. Mama yako akabaki amesimama mbele ya mashine, mkono juu ya mfuniko. Halafu nikasikia mlio. Kwanza nilidhani bomba langu limepasuka. Kumbe anaimba. Kesho yake nikamuuliza, mama, ilikuwaje? Akaniambia, 'Boila, miezi minane nimemtukana Mungu kimoyomoyo, kila shuka na tusi lake. Na kumbe hata yale niliyoyakunja kwa hasira, watu wamelala juu yake wakapumzika.' Kuanzia siku hiyo alikuwa hakunji shuka kabla ya kumwombea atakayelilalia. Ilikuwa inatuchelewesha, nikwambie ukweli."

Kinyozi alimaliza kumnyoa. Ijumaa alifunga kazi saa tisa alasiri, akaenda kwa dada yake. Alimkuta uani, anasahihisha madaftari ya mitihani chini ya kivuli cha nguo zilizoanikwa. Hakuzungusha maneno.

"Dada, miezi minane ile. Ndiyo mambo ya zamani?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Nani kakwambia?"

"Boila."

"Mzee yule hajawahi kufunga mdomo," alisema, lakini hakukasirika. Alivua miwani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, akaeleza. Kila Jumapili mama aliwaogesha wote wanne, akawavisha, akawachana nywele, akavaa na yeye gauni lake. Akishavaa kiatu kimoja, aliketi kitandani. 'Tangulieni,' alisema, 'nakuja nyuma yenu.' Nao wakatangulia, Mwalimu amembeba Kinyozi mgongoni, na mama hakuja.

"Wakaniuliza kanisani, mama yuko wapi? Nikasema anaumwa kichwa. Jumapili iliyofuata, kichwa. Nilimuuguza kichwa miezi minane, Kinyozi! Wakaanza kumletea dawa. Mzee mmoja wa kanisa alileta mizizi. Mama akaipokea, akaniangalia, hakuniuliza kitu." Alipangusa macho kwa kanga iliyoning'inia kwenye kamba. "Mimi ndiye mwalimu. Nimechapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko ule. Halafu Jumapili moja akaketi kitandani kama kawaida, tukawa tunatoka, tukasikia viatu nyuma yetu. Vyote viwili. Sijui mpaka leo kilitokea nini."

"Mimi najua," Kinyozi akasema.

Akamsimulia habari ya kijana na shuka, yote, mpaka sabuni isiyotoka. Mwalimu alisikiliza ameshika tama. Ilipofika sehemu ya matusi alishtuka, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Kinyozi hakujua ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso, akaona ni vyote.

"Kila shuka na tusi lake!" alisema. "Mama! Na mashuka yalivyokuwa mengi!"

Walikaa. Upepo ukapeperusha karatasi moja ya mtihani, hakuna aliyeinuka.

"Nisiseme?" Kinyozi aliuliza. "Ukitaka nisiseme, nitasema ya sabuni na ya wembe, yatatosha."

Mwalimu alipangusa miwani kwa kanga ile. "Miaka yote nimekuwa nikiogopa watu wakijua watamshusha. Sasa wewe umenieleza, nami namwona amepanda." Akavaa miwani. "Sema. Lakini ile ya nyumbani huijui vizuri, utaiharibu."

"Basi iseme wewe. Nitakuita."

"Mama alisema wewe peke yako."

"Mama alisema nisimame mimi. Hakusema nisimwite mtu."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka ngazini. Kinyozi alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na Bibi Mdogo, akaenda mbele, akashika kipaza sauti kama anavyoshika mashine, karibu na sikio badala ya mdomo, mpaka Mchungaji akamgeuzia. Aliwatazama watu, na akagundua kwamba zaidi ya nusu ya vichwa vya wanaume mle ndani alikuwa amevinyoa yeye. Alilijua kila kovu. Kichwa cha mzee wa kanisa kilikuwa na bonde nyuma. Cha mlinzi kilitaka wembe mara mbili. Hofu ikapungua.

"Mimi siyo mtu wa kanisani sana," alianza, "mnajua. Lakini ninyi mmekaa, nami nimesimama, kwa hiyo tuko kama kazini."

Wakacheka, na kutoka hapo maneno yakaja. Alisimulia meno na wajukuu. Alisimulia wembe shingoni, na yule dereva aliyeokoka akasimama mahali pake, akainua mikono, kanisa likapiga vigelegele. Alisimulia Alhamisi iliyochangiwa. Kisha akaeleza habari ya shuka, polepole, kama alivyoipokea, na akawaonyesha watu alipokaa Mzee Boila ili wajue siyo hadithi ya kutunga. Mama mmoja kwenye benchi la pili aliweka kitabu chake cha nyimbo mapajani, akafunika mdomo kwa mkono.

"Lakini nusu ya habari hii si yangu," alisema. "Dada, njoo."

Mwalimu alikuja mbele na hakushika karatasi yoyote. Hilo peke yake liliwashangaza waliosoma kwake.

"Wazee wa kanisa wa wakati ule, mlio hai," alisema kwa sauti ya darasani, "mama yangu hakuwa na maradhi ya kichwa. Nilisema uongo, Jumapili thelathini na kitu mfululizo. Alikuwa amemkasirikia Mungu. Nilimficha kwa sababu niliona aibu. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku zile, nami nimemzika mume wangu pia, na siioni tena aibu iko wapi. Alikasirika, na bado akatuogesha, akatuvisha, akatutuma huku. Hata alipokuwa haongei na Mungu, alihakikisha watoto wake wanaongea naye."

Kwenye benchi la wazee, kikongwe mmoja wa miaka tisini aliinua fimbo. "Ile mizizi niliyoleta," aliuliza, "alikunywa?"

"Alimwagilia maua, babu."

Kanisa zima liliangua kicheko, na yule kikongwe akacheka kuliko wote. Kwaya ikaimba, na wimbo ulipokwisha Mchungaji, na upara wake juu ya sikio, akasema hana cha kuongeza, akaomba kwa kifupi.

Mchana familia ilikusanyika nyumbani kwa mama. Wale wawili wa mbali walikuwa wamefika na watoto wao, na wajukuu wote kumi na mmoja walikaa kwenye mkeka, wakibishana nani alikuwa na siku gani na kama siku hizo zinaweza kurithiwa. Bibi Mdogo alisema yeye atashika zamu mpaka wakubwa wajipange, akaanza kuandika majina yao nyuma ya daftari lake la hesabu, akimuuliza kila mmoja ana shida gani wiki hii. Binamu yake wa Alhamisi alikuwa na shida sita.

Kinyozi na Mwalimu walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, sahani ya machungwa katikati yao. Mwalimu alimenya, akampa mdogo wake nusu.

"Jumapili ijayo utakuja?" aliuliza.

"Nitakuja nikiamka."

"Nitakupigia simu saa kumi na mbili."

"Basi nitakuja," Kinyozi akasema, na alimaanisha. Alitafuna chungwa, akatema kokwa. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa namna aliyokuwa ameisahau. "Dada, na Baba je? Mimi simkumbuki hata sura. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwalimu alimgeukia, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Hakuna aliyekusimulia habari za Baba?"

"Sikuwahi kuuliza."

"Ee Mungu wangu," alisema Mwalimu, akavuta kanga yake vizuri, akachukua chungwa jingine. "Kwanza kabisa, alikuwa hajui kunyoa ndevu. Kila akinyoa anatoka na vipande vya gazeti usoni kuzuia damu. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini..."

Kinyozi alisogea karibu, asipitwe na neno.